Namba ya Theoneste

Jumapili, 10 Septemba 1995

Daftari hili lilikuwa la kisomo cha watu wazima, kurasa nyingi zilibaki nyeupe mwalimu alipohama. Leo mume wangu Kashaija amelitoa sandukuni akaniwekea mapajani. Kisa chenyewe ni hiki. Tumetoka kanisani, nikasimama na Eustadia pale kwenye mikaratusi tukaongea kidogo, yaani kidogo kabisa, kumbe jua limeshazunguka na ndizi za mchana hazijamenywa. Nimefika nyumbani nikamkuta amekaa mlangoni na njaa yake.

"Mama Adventina," akasema, "huo mdomo ni mashine ya kukoboa kahawa, haijui sikukuu. Yale unayotaka kusema uyaandike humu mpaka mvua za vuli zije zipite. Kijiji cha Ihembe nacho kipumzike."

Nikamwambia haya, lakini likijaa utaninunulia lingine. Akacheka mpaka akasahau njaa. Basi naandika. Herufi zangu kubwa kama kuku lakini nazisoma mwenyewe.

Jumanne, 12 Septemba

Mawingu. Mvua hakuna. Nasubiri gemu yangu.

Niandike hii gemu ilivyoanza. Mwezi wa sita tulikwenda Bukoba harusini kwa kaka yangu Rwegoshora. Sebuleni kwake kuna televisheni, na watoto wa mjini walikuwa wanaendesha mtu mdogo humo ndani, anaruka mashimo. Nikaomba na mimi. Jamani, kila akiruka na mimi naruka, kochi linalia! Nikatumbukia shimoni mara tatu, wazee wakacheka hadi bibi harusi akaja kuangalia kuna nini. Tangu siku hiyo sina raha. Nikichota maji namwona yule mtu anaruka. Kaka akaniahidi kunitumia ndogo ya mkononi, isiyotaka umeme. Nimeshawaambia watu wote wa kisimani, na wa kanisani, na mwenye basi.

Jumamosi, 16 Septemba

Imefika! Kimfuko ndani ya mfuko ndani ya boksi la sabuni.

Jumatano, 20 Septemba

Sitaki kuandika lakini nitaandika. Gemu yenyewe ni polisi anafukuza mwizi. Polisi ana mahali patatu tu pa kusimama, na mwizi mahali patatu. Hawatembei. Wanawaka hapa, wanazima, wanawaka pale. Ndani ya saa moja nilikuwa nimeona kila kitu chao, kama mgeni anayerudia hadithi ile ile. Na inalia pii pii huwezi kuinyamazisha, mbuzi wamekata kamba.

Leo imezima. Betri zake ni vile vidude kama vifungo vya shati, nimeuliza mpaka dukani kwa Harerimana, hakuna mtu amewahi kuviona.

Jumapili, 24 Septemba

Eustadia mbele ya wanawake wote: "Deodatha, polisi amemkamata mwizi au bado wanapumzika?" Walicheka, na mimi nikacheka, lakini moyoni niliumia. Mukashema alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la mwisho. Hakucheka.

Jumanne, 26 Septemba

Mvua ya kwanza, ya dakika kumi, imelowesha vumbi tu. Nilikuwa napita kwa Mukashema, jirani yetu ambaye wazazi wake walikuja kutoka Rwanda miaka ya sitini, akaniita kutoka mlangoni. "Mama Adventina! Nimesikia polisi wako amekufa."

"Amekufa na mwizi wake, siku moja."

"Karibu ndani nikuonyeshe kitu."

Nikasita kidogo. Mwanawe Theoneste alikuwa utingo wa malori yanayopeleka chakula kambi za wakimbizi, akarudi mwezi wa pili anakohoa, mwezi wa tatu tukamzika. Wenyewe walisema kifua. Mimi nilisema kisimani kifua gani kinakondesha mtu hivyo, ni ukimwi tu, msidanganyike. Sasa kila mtu anasema hivyo, kwa hiyo nadhani nilisema kweli. Nikaingia nikakaa pembeni ya kiti. Akanipa chai, nikasema tumbo linanisumbua. Tumbo langu zima. Niliona ni kikombe ambacho marehemu huenda alikinywea.

Lakini gemu! Theoneste alipewa na dereva wa kizungu. Ya kijivu, kama kipande cha mche wa sabuni. Vitofali vinadondoka kutoka juu, kimoja kimenyooka kama mwiko, kingine mraba, kingine kimepinda kama goti, unavigeuza na kuvipanga. Mstari ukijaa bila tundu unafutika. Ni kama kupanga ndizi kwenye sufuria kabla ya kufunika na majani, ukiacha tundu umekwisha. Nimecheza mpaka mvua imekatika na sikujua imekatika. Maawe, hii ndiyo yenyewe! Yule polisi alikuwa ananipotezea muda.

Juu pembeni kuna namba haiondoki, 18700. Mukashema amesema ndiyo kubwa kuliko zote, aliiweka Theoneste, hakuna aliyeifikia. Mimi nimepata 400.

Jumatano, 27 Septemba

Nimeenda tena. 600.

Alhamisi, 28 Septemba

Tena. 500. Nimeunguza maharage.

Jumanne, 3 Oktoba

Mvua sasa ni ya kweli, asubuhi na jioni. Nimepanda maharage nusu shamba, nusu nyingine nimepanda vitofali. Kashaija anauliza mbona Mukashema amekuwa rafiki ghafla. Nimemwambia jirani ni jirani. Si kweli. Naenda kwa gemu. Yeye anakaa mbele yangu anasuka mkeka, anazungumza taratibu, na mimi namjibu eeh, eeh, sisikii kitu, macho yako kwenye vitofali. Leo nimegundua alikuwa ananisimulia jinsi Theoneste alivyojifunza kutembea kwa kushika mkia wa mbwa. Nikadondosha kipande vibaya nikasema "Pumbavu!" Akaacha kusuka. Nikamwambia ni kwa gemu, si kwa mbwa.

Jumapili, 15 Oktoba

Eustadia ameniuliza kwenye mikaratusi, "Wewe unaingia kwa Mukashema? Unakunywa kule?"

Nikasema naenda kuchukua mbegu za maharage.

"Kila siku? Unalisha jeshi?"

Wakacheka. Nilipogeuka Mukashema alikuwa nyuma yetu hatua tano na kitabu chake cha nyimbo kifuani. Hakuonyesha kama amesikia. Mchana sikuenda. Jioni nikaenda. Akanifungulia, akanipa gemu bila kusema neno, akaendelea na mkeka. 3900. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Jumamosi, 21 Oktoba

Harusi ya binti wa Renatha. Ndizi zilikuwa kama kilima, wanawake tumekaa duara tunamenya, mdomo na kisu vinakwenda pamoja. Ndiyo starehe yangu duniani. Mukashema akaja na kisu chake. Renatha akamwambia kwa heshima sana, "Mama Theoneste, wewe tusaidie kuni."

Akaenda kwenye kuni. Peke yake, kwenye matope. Mwenye nguvu za kuni ni msichana, si mama wa miaka hamsini na tatu. Lakini kuni haziliwi. Aliyeshika kuni hajashika chakula.

Nimekumbuka yale ya kisimani mwezi wa tatu. Nilikuwa na ndoo kichwani wakati nasema, wala sikuitua. Neno moja tu, nikaendelea na habari nyingine. Sikuinuka kwenda kumsaidia kuni. Nilimenya ndizi nikacheka na wenzangu. Naandika tu.

Jumapili, 22 Oktoba

Nimekunywa chai yake. Vikombe viwili. Ina tangawizi. Amenitazama nikinywa mpaka mwisho, halafu akainuka akaenda nje kuangalia mbuzi, ambao walikuwa salama kabisa.

Jumamosi, 28 Oktoba

Binti yake Anonciata, aliyeolewa Nyabiyonza, amejifungua mapacha. Mukashema anakwenda kumwogesha na kumpikia mpaka apate nguvu. Asubuhi amepita kwangu na kifurushi kichwani. Akatoa gemu kwenye kitambaa.

"Nakuachia. Huko kuna watoto, wataivunja. Cheza unavyotaka, Mama Adventina, ila unitunzie namba ya mwanangu."

"Namba inakwenda wapi? Mimi hata 5000 sijafika!"

Akacheka. Meno yake mazuri, sikuwa nimeyaona. Akasema usiku akikosa usingizi anaiwasha, anaitazama namba, anazima. Ni kama mtu amepita akasalimia.

Nimemsindikiza mpaka barabarani kwenye tope. Nilikuwa na haraka aende, nirudi nicheze. Mungu anisamehe.

Jumatatu, 30 Oktoba

6200!

Alhamisi, 2 Novemba

Vitofali vimefifia, inabidi nielekeze gemu dirishani. Betri zinaisha. Leo asubuhi jua limetoka kwa mara ya kwanza wiki hii, nikazitoa zile betri mbili nikazianika juu ya bati la banda la mbuzi, kama tunavyofanya za redio. Zikila joto zinafufuka siku tatu nne. Mchana mawingu yakarudi, nikazitoa mbio kabla hazijalowa. Za moto vizuri.

Ijumaa, 3 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Nimerudisha betri. Ikawaka safi, vitofali vyeusi tii, nikapiga vigelegele peke yangu. Nikacheza mchezo mmoja, 2100. Nikatazama juu. Juu palikuwa na 2100.

Nikazima nikawasha. 2100. Nikaipiga makofi. Nikaipulizia. Nikatoa betri nikarudisha, sasa ikawa sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri. Nikaelewa. Namba ilikuwa inakaa kwenye zile betri, sijui ndani yake au inashikiliwa nazo, mimi si fundi. Redio ukiianikia betri inarudi ile ile na habari zake, mtangazaji hana neno. Hii ikitolewa betri inasahau kila kitu. Nani angejua? Katika Ihembe nzima, nani hajaanika betri?

Nimekaa chini pale kwenye banda la mbuzi. Mvua ikaanza, sikuinuka. Kashaija akaja na mwavuli, "Kuna nini? Nani amekufa?"

Nikasema hakuna.

Na kweli nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka. Lakini ukimwambia mtu mmoja unasikia neno lako linatembea, mimi nalijua hilo kuliko mtu yeyote hapa. Litafika Nyabiyonza kabla ya basi. Mukashema atalisikia kutoka kwa mwingine huku ameshika wajukuu mkononi: Deodatha amemfuta mwanao.

Maana ndicho nilichofanya. Mara ya kwanza kwa mdomo, mara ya pili kwa jua.

Jumamosi, 4 Novemba

Nimepata wazo. Kwa Harerimana nimenunua betri mpya, sitazitoa tena hata zikilia. Nitacheza mpaka nifike 18700 yenyewe, si chini si juu, halafu nijiue hapo hapo, yaani gemuni. Itabaki juu pale pale ilipokuwa. Mukashema ataiwasha, ataiona. Hatajua. Mstari mmoja ni 100, miwili kwa mpigo 300, mitatu 700, minne 1500. Nimepiga hesabu, inawezekana.

Ni uongo. Lakini ni uongo wa kupika, si wa kuchoma.

Jumatatu, 6 Novemba

5800. Mvua.

Alhamisi, 9 Novemba

7300. Mvua. Palizi bado.

Jumapili, 12 Novemba

Sikwenda kanisani, nimesema kichwa. 9000. Dhambi juu ya dhambi.

Jumanne, 14 Novemba

Senene wameshuka! Alfajiri kijiji kizima kilikuwa kwenye nyasi, wanawake na vikapu, watoto wanapiga kelele. Mke ndiye anakamata senene, anamletea mume, mume naye anamnunulia kanga, ndivyo tulivyokuta kwa mama zetu. Miaka ishirini na sita sijawahi kumkosesha Kashaija. Leo nilisema nimalizie mchezo mmoja kwanza. Nilipotoka, jua limepanda na senene wameruka wote. Nimepata kiganja kimoja, na nusu yake walikuwa wamekanyagwa.

Jioni Renatha kamletea sahani. Kashaija akala polepole. "Mwaka huu nimekula senene za mke wa mtu," akasema. Hakusema kwa hasira. Akaniuliza, "Deodatha, unaumwa? Mwezi huu hujanieleza habari ya mtu hata mmoja. Nyumba imekuwa kama ya mapadri."

Ameniita kwa jina. Ananiitaga hivyo tukiwa msibani.

Jumatatu, 20 Novemba

11400. Vidole gumba vimeota sugu. Wakati nacheza namfikiria Theoneste amekaa juu ya magunia kwenye lori, anarushwarushwa na barabara, anapanga vitofali. Kwa barabara zile! Mimi niko kwenye kiti nashindwa. Alikuwa fundi huyu mtoto. Alikuwa na subira. Mbona sikuwahi kusema hilo kisimani?

Nimejaribu kukumbuka yale Mukashema aliyonisimulia mwezi wa kumi. Nimekumbuka mkia wa mbwa tu. Mengine yote nilijibu eeh.

Jumapili, 26 Novemba

14900.

Jumamosi, 2 Desemba

16200, halafu mtu akabisha hodi nikaharibu. Alikuwa Eustadia. "Mbona umejificha kama mwali? Njoo nikupe habari, yule mke wa Gosbert..." Nikamsikiliza mpaka mwisho nikamwuliza, "Wewe ulimwona?" Akasema hakumwona, aliambiwa. Sijawahi kumwuliza swali hilo maisha yangu yote, na yeye hajawahi kuulizwa.

Alhamisi, 7 Desemba

Mtu wa baiskeli ameleta salamu kutoka Nyabiyonza. Mukashema anarudi Jumamosi.

Ijumaa, 8 Desemba

Mvua tangu usiku. Kashaija amekwenda Nyakahanga kumjulia hali mjomba wake aliyelazwa. Nikafunga mlango, nikakaa. Michezo minne ya kwanza hovyo. Wa tano nikaanza vizuri na nikaona leo ndiyo leo. 9000. 12000. Vinadondoka kasi kama mvua ya mawe, sasa sifikiri, vidole vyenyewe vinajua. 17000. Kuku ameingia ndani akapanda mezani, nikamwacha. 18300. 18500. 18600.

Mstari mmoja tu. Mmoja! Nilikuwa nimejenga ukuta upande wa kulia umebaki tundu moja refu la mistari minne, kama kisima. Nikasema nipate kipande cha kufunga mstari wa juu peke yake, nafasi yake ipo pale kushoto, halafu nirundike ovyo mpaka nife. Najua kabisa la kufanya.

Akaja yule mrefu. Mwiko. Ninayemsubiri kila mchezo na haji, leo amekuja. Amenyooka, anashuka juu ya tundu lake. Nilikuwa na muda wa kumsogeza pembeni, nasema mbele ya Mungu muda ulikuwepo. Lakini wewe uliyepanga ndizi sufuria nzima ikabaki nafasi ya moja, na moja ipo mkononi! Nikamwachia.

Mistari minne ikafutika kwa mpigo, ikalia ule wimbo wake, na mimi nikaruka nikapiga kelele ya furaha, kuku akatimua. Nilifurahi. Naandika ukweli, kwa muda wa pumzi mbili sikumkumbuka Theoneste wala mama yake.

20100.

Namba haishuki. Na betri nikizitoa nianze upya, kesho ndiyo kesho, sitafika.

Nimekaa nimeitazama. Safari hii si jua, si betri, si kutokujua. Ni mimi na tamaa yangu. Hata pale kisimani ilikuwa hivyo hivyo. Neno lilikuwa limekuja limenyooka, tundu lake lipo, watu wananisikiliza. Nikaliachia.

Jumamosi, 9 Desemba

Nimekwenda mwenyewe, sikungoja aje. Nimechukua gemu na daftari hili ndani ya mfuko wa nailoni.

Alikuwa anafagia, nyumba imekaa wiki sita imefungwa. Akafurahi kuniona, akanisimulia mapacha, mmoja mkali mmoja mpole. Akaweka chai. Halafu nikampa gemu, akaifungua kwenye kitambaa chake akaiwasha. Nikamwona macho yake yanapanda pale juu.

"Hii ni nini?"

"Nilitoa betri nikazianika juani."

"Ukazianika."

"Kama za redio, Mama Theoneste. Vitofali vilikuwa vimefifia. Namba ikapotea. Nikataka kuirudisha kwa kucheza, nikapitiliza. Nilikuwa nataka kukudanganya."

Akazima gemu akaiweka mezani. Akapunguza moto wa chai. Halafu, "Lini?"

"Tarehe mbili mwezi uliopita."

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Eustadia?"

"Hakuna."

"Baba Adventina?"

"Hata yeye."

Akanitazama kama naota pembe. "Wewe? Mama Adventina wa Ihembe hii hii? Mwezi mzima na siku?" Na mdomo wake ukatetemeka, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, halafu kikawa kilio, halafu sikujua tena ni kipi. "Ulikuwa unayaweka wapi?"

"Nilikuwa naandika." Nikamwonyesha daftari.

"Basi namba yake umeiandika?"

"Nimeiandika. Siku ile ya kwanza."

"Nisomee. Isome siku ile nzima, nataka kuisikia."

Nilijua ukurasa ule una nini. Nilisema nikutajie namba tu. Akasema, "Siku ile nzima." Basi nikasoma. Nikasoma mvua ya dakika kumi, nikasoma polisi na mwizi, nikafika kisimani. Nikasoma neno lenyewe. Nikasoma kwamba tumbo langu lilikuwa zima. Nikasoma kikombe. Hapo nikaishia, akasema endelea, nikaendelea mpaka kwenye namba.

Akaligusa daftari kwa kidole. "Nilijua ni wewe," akasema. "Tangu kwenye matanga nilijua."

"Na ukaniita ndani? Ukaniachia gemu?"

"Nani mwingine angekuja?"

Nikafunga daftari na mdomo. Mimi!

Akafungua mgongo wa gemu akatoa zile betri mwenyewe, akazirudisha, sifuri. "Namba yako siitaki nyumbani kwangu," akasema. Ni haki. Akatafuta msumari, akaniambia nitaje, nikataja moja moja, naye akazichora nyuma ya gemu kwa kukandamiza, moja, nane, saba, sifuri, sifuri. Hapo hata ukianika hazifutiki.

Kisha akamimina chai vikombe viwili, akakaa. "Sasa," akasema, "nikuambie mwanangu alikufa na nini?"

Nikasema si lazima.

"Si lazima. Nitakuambia."

Akaniambia. Alinisimulia yote, tangu siku aliyoshuka kwenye lori mpaka asubuhi ile. Safari hii nilisikia kila neno, sikusema eeh hata mara moja.

Siandiki hapa.

Alhamisi, 14 Desemba

Mvua zinakwisha, asubuhi ukungu tu. Kesho ni shukrani ya ubatizo wa mjukuu wangu, ndizi za kumenya zimejaa uani. Nimekwenda kumwita Mukashema aje na kisu chake, atakaa upande wangu wa kulia, na asiyetaka kula alichomenya akale kwake. Amesema ataona. Hajasema ndiyo.

Kisimani nimemkuta Eustadia. Nikamwambia kabla hata ya salamu, "Yale niliyosema mwezi wa tatu kuhusu Theoneste nilisema bila kujua. Kila uliyemwambia, kamwambie hivyo."

Akatua ndoo. "Kwa hiyo haikuwa ukimwi?"

"Sijasema hivyo. Nimesema sikujua."

"Na sasa unajua?"

"Sasa najua."

"Ehe?" Akasogea. Wanawake wawili nao wakasogea. Wote wananitazama mdomoni. Neno lilikuwa pale, limenyooka, na tundu lake.

Nikajitwika ndoo nikaondoka. Eustadia kanifuata mpaka kwenye mikaratusi, "Deodatha! Wewe Deodatha! Mama Adventina jamani!" Sikusimama. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuchota maji nimefika nyumbani yakiwa bado baridi.